Shule imekwenda kidijitali, bando ni la nani?

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira. Mods nawaomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye vichekesho.

Nina watoto wawili. Mmoja yuko darasa la tano, shule binafsi ya kutwa hapa Dar. Mwingine yuko kidato cha pili, bweni, mkoani. Majina ya shule siyataji, sitaki mtoto aitwe ofisini kwa ajili ya mdomo wa baba yake.

Jana saa nne na nusu usiku grupu la WhatsApp la wazazi likalia. Ticha wa darasa katuma pidiefu: "Wazazi wapendwa, kazi ya leo hiyo hapo. Iprintiwe, ifanywe, irudi kesho asubuhi. Ikiwa ya rangi itapendeza zaidi." Kurasa 14. Zimepigwa picha kwa simu mojamoja, nyingine zimelala ubavu, na kwenye ukurasa wa tatu kidole gumba cha mtu kimeziba swali la 6 lote. Chini yake ikashuka mvua ya "Asante ticha", "Ubarikiwe madam", stika za maua, na mama mmoja anayeuza mafuta ya nazi akapenyeza bei zake humohumo. Hakuna aliyeuliza: saa nne usiku naprinti wapi?

Steshenari ya mtaani kwetu inafunguliwa saa mbili asubuhi. Gari la shule linampitia mtoto saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwa hiyo mke wangu kakaa mezani ananakili maswali kwa mkono kutoka kwenye kioo cha simu kilichopasuka, mtoto anajibu huku anasinzia. Hata ingekuwa mchana, ukurasa wa rangi ni 500. Zidisha mara 14. Elfu saba kwa kazi ya usiku mmoja, ambayo zamani mwalimu aliiandika ubaoni kwa chaki, mtoto akanakili kwenye daftari, biashara ikaisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye karatasi ya ada kuna mstari umeandikwa "TEHAMA", elfu 60 kwa mwaka. Nimelipa. Nilidhani nalipia kompyuta, printa, wino, intaneti ya shule. Kumbe nimelipia ruhusa ya kununua bando mwenyewe, kutumia simu yangu mwenyewe na kuprinti kwa hela yangu mwenyewe. Nilipomuuliza mhasibu TEHAMA inafanya kazi gani, akajibu, "Si ndiyo hiyo, mzazi, mnapata taarifa zote kiganjani."

Kiganja ni changu, bwana mkubwa. Na bando ni langu.

Magrupu haya mnakumbuka yalivyoanza. Machi 2020 shule zilifungwa kwa corona, walimu wakahangaika, wakaanza kutuma kazi WhatsApp. Hapo hakuna aliyelaumu, ilikuwa dharura. Mwishoni mwa Juni 2020 shule zikafunguliwa. Grupu halikufungwa. Dharura ikageuka utaratibu, na utaratibu ukageuka sharti: mzazi asiye na simu janja siku hizi anaambiwa "atafute jirani". Kuna bibi analea mjukuu wake anayesoma na mwanangu, na simu ya huyo bibi ni kiswaswadu cha tochi. Mjukuu anakuja kwetu jioni kunakili kazi. Mara mbili kachapwa kwa kutoleta karatasi iliyoprintiwa. Kachapwa kwa sababu bibi yake hana WhatsApp. Hebu mtu anitetee hilo.

Sasa njoo kwa yule wa bweni. Kule simu ni haramu. Ukikutwa nayo unasimamishwa shule, na simu inapigwa nyundo mbele ya paredi huku wenzako wanapiga makofi. Sawa, sheria ya shule naiheshimu. Lakini likizo ikifika, kazi zote zinatumwa kwa linki: tazama video hii, pakua hiki, jaza fomu ile. Simu ileile iliyopigwa nyundo mwezi wa tano, mwezi wa sita ndiyo kitabu. Mtoto akishaishika "asome", mnajua wenyewe. Dakika kumi fizikia, saa mbili TikTok, na bando la GB moja la siku limekata kabla ya adhuhuri. Nikinunua la wiki, lisipoisha kwa matumizi linaisha kwa tarehe. Aprili 2021 watu walipiga kelele za vifurushi mpaka bei mpya zikasitishwa, lakini hili la kununua kitu halafu kikuozee mkononi ukiwa hujakitumia tumelizoea kama vile ni kawaida.

Halafu msidhani naandika haya kuwachukia walimu. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, kijijini huko, mtandao unapatikana ukisimama nyuma ya choo cha walimu au ukipanda mlima kidogo. Sensa ya 2022 ilipoisha, vile vishikwambi vya makarani vikagawiwa walimu. Jambo jema, na yeye alikifurahia. Ila kishikwambi hakikuja na bando. OPRAS, zile fomu za makaratasi za kupima utendaji wa mtumishi wa umma, ikaondoka, ikaja PEPMIS, mfumo wa kazi hiyohiyo: jaza majukumu, jaza utekelezaji, yote mtandaoni. Takwimu za shule, kwenye mfumo. Mahudhurio, kwenye mfumo. Kuomba uhamisho, kwenye mfumo. Kila mfumo una nywila yake na siku yake ya mwisho, na siku ya mwisho ikifika mfumo unazunguka tu kama feni bovu kwa sababu nchi nzima imeingia kwa wakati mmoja. Bando linaliwa huku unaangalia duara linazunguka. Bando la nani? La mwalimu. Kutoka kwenye mshahara uleule.

Na juu ya mifumo kuna grupu la kata. Bosi wao anataka picha. "Walimu, tupieni picha za kipindi cha hesabu." Dada ananiambia siku nyingine somo linasimama, watoto wanapangwa, wanaambiwa washike kalamu na watabasamu, picha inapigwa, inarudiwa kwa sababu mmoja kafumba macho, kisha mwalimu anatoka kwenda kutafuta mtandao nyuma ya choo ili ushahidi wa kufundisha ufike kwa mkubwa. Darasa la watoto zaidi ya 90 limeachwa linapiga kelele. Kipindi kimeisha. Kwenye grupu: "Kazi nzuri sana mwalimu 👏👏".

Picha za watoto wetu, hapo, ziko kwenye simu za watu wangapi? Hili ndilo linalonitoa usingizi kuliko hata hela.

Grupu letu la wazazi lina watu mia na ushee. Mwezi uliopita shule ilitupia matokeo ya darasa zima, jina kamili, wa kwanza mpaka wa mwisho. Yule wa mwisho mama yake yumo kwenye grupu. Alisoma, akakaa kimya, kesho yake akajitoa. NECTA wenyewe, yaani baraza la taifa la mitihani, tangu Januari 2023 waliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, lakini shule ya mtaani kwetu inaona fahari kumwanika mtoto wa miaka kumi. Wiki iliyofuata ikaja orodha ya wanaodaiwa ada. Nayo majina, na kiasi. Mimi nilikuwemo, na nilishalipa! Nimelipa kwa simu, makato nimebeba mimi, meseji ya muamala ninayo. Kwenda ofisini naambiwa, "Mzazi, sisi hatuangalii meseji, tunaangalia mfumo. Mfumo haujasoma." Ukasoma lini? Baada ya siku tatu. Kuna aliyeomba radhi kwenye grupu ambako nilianikwa? Thubutu.

Linki ya kuingilia grupu hilo nayo waliibandika kwenye ukurasa wao wa Facebook, eti kurahisisha kwa wazazi wapya. Akaingia kila aliyetaka kuingia. Haikupita muda jirani yangu, mama wa mtoto wa darasa la pili, akapigiwa simu saa tano asubuhi. "Wewe ni mama wa fulani? Naongea kutoka shuleni, mtoto ameanguka, hana fahamu, tuko zahanati, daktari anataka elfu themanini ya vipimo sasa hivi, tuma kwenye namba hii ya nesi." Jina la mtoto wanalo, darasa wanalo, jina la ticha wanalo. Mama gani angesubiri kuhakikisha? Akatuma. Akapanda boda mpaka shuleni analia, akamkuta mtoto uwanjani anacheza. Namba tuliiripoti kwenye 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, ila hela ilishatolewa kwa wakala dakika ileile. Shule ikajibu, "Wazazi muwe makini na matapeli." Tuwe makini sisi! Waliomwaga majina ya watoto wetu hadharani wao hawahusiki.

Mzazi mwingine wa humohumo alikopa kwenye programu ya simu ili kumalizia ada. Alivyochelewa, wale jamaa wakawatumia meseji watu wote waliomo kwenye simu yake, mpaka ticha wa mtoto: "Mwambie huyu tapeli arudishe hela ya watu." Benki Kuu (BoT) mwezi Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Kwake aibu ilikuwa imeshafika darasani.

Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume kabisa. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa asajiliwe. Sasa steshenari ninayoprintia ina kompyuta moja. Kwenye ile desktopu yake kuna cheti cha kuzaliwa cha karibu kila mtoto wa mtaa huu, namba za NIDA za wazazi, barua za kujiunga na shule, kila kitu, kwa sababu kila fomu siku hizi inajazwa mtandaoni na sisi wengi tunajaziwa na yule kijana. Ni kijana mzuri, simlaumu. Akiibiwa hiyo kompyuta je?

Jumamosi tuna kikao cha wazazi. Nimeshaongea na wenzangu kadhaa, tutasimama pamoja. Tunataka kazi za nyumbani ziandikwe ubaoni au ziprintiwe shuleni kwa hiyo elfu 60 yetu ya TEHAMA. Matokeo na madeni aelezwe mzazi husika peke yake. Linki ya grupu iondolewe Facebook. Na mtoto asiguswe kwa sababu kwao hakuna simu janja. Wakikataa, nataka hesabu ya TEHAMA kwa maandishi, shilingi kwa shilingi.

Sasa naomba msaada wenu. Walimu mliomo humu, kuna shule yoyote au halmashauri yoyote inayowapa bando la kazi? Na wanasheria: malalamiko kuhusu majina na picha za watoto nikipeleka kwenye Tume, yanapokelewa kwa barua ya mkononi, au na hayo nitanunulia bando?