Naomba ushauri: mpelelezi wangu achafuliwe jina vipi?

Habari zenu wakuu. Naandika hadithi ambayo jambazi anamharibia mpelelezi hodari jina hadi polisi wenzake wanamgeuka. Tatizo, kila nikiandika najikuta kwa Moriarty, jambazi adui wa mpelelezi Sherlock Holmes katika tamthilia ya Sherlock ya BBC, 2012: anajifanya mwigizaji aliyekodiwa na Sherlock, DVD za vipindi vya watoto alivyoigiza anazo kama ushahidi, mwandishi wa habari anameza yote. Yule jamaa ni shetani kweli! Nimejaribu hongo na mashahidi wa kununuliwa. Aliyenisomea rasimu akasema hata mtoto haamini.

Ni ushahidi gani mdogo, tuseme risiti au muamala wa simu, unaoweza kumtia doa mtu msafi? Na nani aanze kumshuku, bosi wake au rafiki?