Mrejesho: somo la lishe, gredi ya pili

Niliuliza jinsi ya kufundisha lishe bora bila kuwachosha watoto na chati ya ukutani. Mlionishauri niwagawe watoto kwa makundi, ahsanteni sana.

Nilinunua vyakula soko la Kongowea, Mombasa, kila kundi likapanga vyake: vya kutia nguvu, kujenga mwili, kulinda mwili. Kunde zikazua mzozo! Mmoja kashikilia ni mboga, nyanyake hupika majani yake. Mwenziwe asema ni za kujenga mwili kama maharagwe. Wote wana haki, wakaziweka kotekote.

Kisha wakanawa, wakachanganya embe, papai na mapera (yana vitamini C kushinda machungwa). Msusia papai mmoja alilikamulia ndimu, akaomba tena.

Mabuyu ya rangi wanayonunua getini bado yananishinda. Nani ana mbinu?