Neno la chanjo kwenye kijitabu cha kliniki cha Kijapani

Mama Rukia, Malindi
Ndugu zangu mnaojua Kijapani, nisaidieni. Mpwa wangu amerudi kutoka Osaka na mwanawe aliyezaliwa huko. Nesi alikifungua kijitabu cha mtoto, akapekua weee, asiambulie kitu ila namba. Kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye kigasha halipo. Mtoto ana vidoa vidogo vidogo karibu na bega. Mpwa wangu anajua kusema “wakuchin”, lakini kusoma hajui. Tutafute neno gani?

Mwana wa Langoni, Lamu
Dada, tafuteni herufi hizi nne: 予防接種. Husomwa *yobou sesshu*, nalo ndilo neno la makaratasi, tangu sheria yao ya chanjo ya mwaka 1948. Mbili za mwanzo ni kukinga. Ya mwisho ni mbegu, maana zamani kuchanja ndui kwao kuliitwa kupanda mbegu ya ndui. *Wakuchin* wameichukua kwa Wajerumani, nayo ni dawa yenyewe; mitaani husema “wakuchin o utsu”, yaani kupiga chanjo. Watoto wao hujua *chuusha* tu, sindano.

Hivyo vidoa ndivyo BCG yenyewe! Kule hupaka dawa mkono wa juu, kisha hukandamiza kidude chenye sindano 9, mara mbili. Hesabuni, ni 18, ingawa vingine hufifia. Tafadhali mwonyesheni nesi kabla hajaamua kumchanja upya.

Nesi mstaafu, Malindi
Mkifika kwenye chanjo ya “tano kwa moja”, yaani sindano moja ya kukinga magonjwa matano, muwe macho sana. Wajapani wanayo tangu Aprili 2024, nasi tunayo pentavalenti, lakini si kitu kimoja. Zote hukinga dondakoo, pepopunda, kifaduro na Hib, bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Ya tano kwao ni polio, kwetu ni homa ya ini B. Kwao homa ya ini B hudungwa peke yake, kwa hiyo itafuteni mahali pake: B型肝炎. Msiposhika hilo, mtoto ataandikiwa chanjo ambayo hakupata.

Mama Rukia, Malindi
Vidoa tumeviona, na B型肝炎 ipo mara tatu. Sasa tarehe: 6.11.20 ni mwaka gani?

Mwana wa Langoni, Lamu
Mwaka wa 6 wa enzi ya Reiwa, yaani ya mfalme wao wa sasa. Ongeza 2018, ni 2024. Kisha mwezi, kisha siku. Ziandikeni zote upya kwa tarehe zetu, mumpelekee nesi pamoja na kijitabu.