Mpango wa nzi wa matunda wa wadi: tutaupimaje, na pesa ziende wapi?

Kamati_Maembe: Wadau, tunatathmini mpango wa miaka mitatu wa kudhibiti nzi wa matunda huku Makueni. Ripoti tuliyopewa inataja mitego iliyogawiwa na wakulima waliofunzwa, basi. Bajeti karibu yote ni mitego na chambo. Tuanzie wapi?

Ugani_Mashinani: Mitego iliyogawiwa ni risiti tu, haisemi kama nzi wamepungua. Ombeni daftari za mitego. Gawanya nzi kwa mitego, kisha kwa siku: nzi 84, mitego 3, siku 7, ni nzi 4 kwa mtego kwa siku. Linganisheni wiki ileile ya msimu, mwaka kwa mwaka. Ya Agosti na ya Januari hazikai meza moja.

Tazameni pia tarehe ya kubadilisha chambo. Kikikauka, nzi "wanapungua" kwenye karatasi huku maembe yanaoza. Na waya unaoning'iniza mtego usipopakwa grisi, sisimizi hushuka wakabeba mizoga. Unakuta mabawa matupu, mtu anaandika 2.

Mdudu_Makini: Ongezea hili: chambo cha methili yujenoli huvuta madume ya Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda mgeni kutoka Asia. Majike wanaotaga hawauoni mtego huo, na Ceratitis cosyra, nzi wetu wa asili wa maembe, hana haja nao. Wekeni na mitego michache ya hamira ya torula, inayonasa jinsia zote mbili.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni tunda lenyewe. Okoteni maembe shamba kwa shamba, yapimeni kwa kilo, yalazeni juu ya mchanga mkavu kwenye ndoo iliyofunikwa kitambaa. Buu likikomaa hutoka likajizika mchangani. Chekecheni, mhesabu pupa (buu lililojifunga kwenye ganda) kwa kila kilo.

Bajeti_Shambani: Kwenye pesa, shida kubwa ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, tenda inazunguka miezi, mitego inafika maembe yameshaanza kuiva. Vifaa vya msimu huu vilipaswa kununuliwa kwa bajeti ya mwaka uliotangulia.

Halafu punguzeni mitego, mlipe mikono. Maembe yaliyoanguka yaokotwe mara mbili kwa wiki, yafukiwe nusu mita au yafungwe kwenye mfuko mweusi usiopitisha hewa, uachwe juani. Kuyatupa kwenye shimo la mbolea lililo wazi ni kufuga nzi. Fungu hilo lifike hadi kwa miti ya kando ya barabara na mashamba ya wenye shamba walio Nairobi. Mkulima mmoja asiyeokota huwalisha nzi wa jirani zake wote. Wanunuzi nao wachangie kidogo kwa kila kreti pale kituo cha kukusanyia.

Ugani_Mashinani: Na daftari si urembo. Kenya ilijisimamishia kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi hawa, ikarudi sokoni 2021. Eneo haliwezi kudai kuwa halina nzi bila rekodi za ufuatiliaji.

Kamati_Maembe: Tumepata daftari moja. Januari, wiki tano, kalamu moja, kila mtego nzi 12.

Mdudu_Makini: Hizo zinanuka kupikwa. Ziondoeni kwenye wastani, na kwenye ripoti muandike kwamba Januari haina takwimu. Msijaze pengo kwa kukisia. Mwaka ujao mkaguzi alete nzi wenyewe kwenye chupa ya spiriti, yenye namba ya mtego na tarehe, ndipo alipwe.