Naomba ushauri: ritriti ya viongozi wa shule kuhusu usawa wa rangi, niipangeje isiishie kwenye maneno?

Dada_Mratibu

Habarini wadau, hasa nyie mnaofanya kazi za shule huku Marekani. Mimi ni mratibu wa programu ofisi ya wilaya ya shule, sio bosi, na nimetupiwa kazi ya kuandaa ritriti, yaani kikao cha kujitenga na kazi za kila siku, ya siku mbili kwa viongozi, kwa maana ya mkurugenzi wa wilaya na wasaidizi wake, wakuu wa shule wote, na wajumbe wa bodi watakaopenda kuja. Lengo kwenye karatasi ni "kuboresha programu za usawa wa rangi" basi, hakuna kingine, na ukimuuliza bosi anakwambia tumia ubunifu wako 😅

Shida ni kwamba hizi ritriti nazijua. Analetwa mtaalamu wa kulipwa, anaongea vizuri kweli, watu wanatoa machozi, wanaandika ahadi kwenye vikaratasi wanabandika ukutani, alafu Jumatatu shule inaendelea vile vile, watoto weusi ndo wamejaa chumba cha adhabu na ukichungulia darasa la hesabu za juu unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na kwa huu upepo wa kisiasa wa sasa kuna wakuu wa shule wanaogopa hata kutamka neno rangi kwenye kikao.

Sasa naombeni, nianze na historia au na data? Mtaalamu wa nje anahitajika au ni kuchoma hela tu? Karibuni.

Mzee_wa_Takwimu

Anza na data dada, ila sio ile ya pawapointi yenye vimstari ambavyo watu wanavitikisia kichwa alafu wanaenda kunywa chai. Kitaifa kila mtu keshasikia, takwimu za serikali za mwaka wa shule 2017-18 zilionyesha watoto weusi ni kama asilimia 15 ya wanafunzi wa shule za umma lakini kwenye waliosimamishwa masomo kupelekwa nyumbani walikuwa karibu asilimia 38, na hata chekechea ilikuwa hivyo hivyo, mtoto wa miaka minne anasimamishwa shule jamani. Ukiwaonyesha hiyo watasikitika, kwa sababu haiwahusu.

Chukua fomu zenyewe za nidhamu za wilaya yako, zile mwalimu anazojaza akimtoa mtoto darasani. Zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza makosa yanayoonekana kwa macho, kapigana, kakutwa na bangi, kavunja dirisha. La pili ni yale yanayotegemea mtu mzima ameamkaje siku hiyo, yaani "ukaidi", "dharau", "kusumbua darasa". Alafu kila fungu litazame kwa rangi, kwa saa ya siku na kwa nani kajaza fomu. Mara nyingi pengo kubwa linakaa kwenye lile fungu la pili, na mara nyingi fomu nyingi zimejazwa na walimu wachache sana. Hapo mkuu wa shule hawezi tena kusema "ni jamii", maana anaiona saa, anaiona korido, anamjua mwalimu.

Na hapo ndo unapata kitu cha kuamua. California walianza mdogo mdogo, mwanzo wakakataza kusimamisha watoto wa madarasa ya chini kwa sababu ya ukaidi tu, wakapanda hadi darasa la nane, na kuanzia Julai 2024 hata sekondari ya juu imeingia. Hakuna aliyesubiri mioyo ya watu ibadilike kwanza, walibadilisha kanuni.

Angalizo mbili. Kila mkuu wa shule apate data ya shule yake wiki kadhaa kabla, peke yake, akae nayo, akasirike huko huko ofisini kwake. Ukimfunulia kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake atajitetea siku zote mbili na utakuwa umemharibu. Na sheria ya siri za wanafunzi, FERPA, usiichezee, pale namba ilipo ndogo ifiche, maana "mmoja wa darasa la tatu, mweusi, kasimamishwa" kila mtu pale ukumbini anamjua ni nani.

Msomi_Mkaidi

Mzee hapo sikubaliani na wewe kabisa. Data bila historia ni hatari, nimeona watu wanaangalia namba hizo hizo na conclusion wanayotoka nayo ni kwamba hawa watoto wana shida, tuwaletee programu ya kuwafunza tabia. Yaani ritriti inaisha na watoto ndio wanarekebishwa, si shule!

Dada weka historia asubuhi ya kwanza lakini isiwe ile ya kila mtu, Brown v. Board 1954, kesi iliyokataza kutenganisha watoto weusi na wazungu shuleni, na picha ya watoto weusi wakiingia shule ya wazungu Little Rock 1957 alafu makofi. Waambie kile kilifuata. Baada ya Brown, majimbo ya kusini shule za weusi zilifungwa na walimu na walimu wakuu weusi wakaachishwa kazi kwa maelfu, hesabu inayotajwa sana ni kama 38,000 kati ya 1954 na 1965. Alafu uliza hapo ndani ni kwa nini mpaka leo karibu walimu wanane kati ya kumi wa shule za umma ni wazungu wakati watoto wazungu hawafiki nusu. Swali la ajira linabadilika ghafla, watu wanaacha kusema "hawaombi kazi".

Na 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya San Antonio v. Rodriguez, ikasema katiba ya nchi haizuii shule kupata pesa kulingana na kodi ya nyumba za mtaa, mwaka uliofuata kesi ya Detroit, Milliken v. Bradley, ikasema wilaya za pembeni haziwezi kulazimishwa kuingia kwenye mpango wa kuchanganya watoto kama hazijathibitika kubagua. Hizo mbili zinaeleza wilaya nyingi kuliko hotuba yoyote. Tafuta zile ramani za HOLC, shirika la serikali la mikopo ya nyumba, za miaka ya 1930, zile za kupaka mitaa rangi nyekundu isipewe mikopo ya nyumba. Kama mji wenu unayo, printi kubwa, alafu juu yake weka mipaka ya shule zenu za leo kwa karatasi ya plastiki. Acha watu wasimame wakiangalia. Usiseme chochote.

Mzee_wa_Takwimu

Hiyo ya ramani nakubali, nzuri. Ila isizidi asubuhi moja, historia ni tamu na watu watajificha humo siku nzima.

Kaka_Sheria

Mmeongea yote vizuri ila mmemsahaulisha dada jambo litakalomtia matatani. Wanasheria wa wilaya waingie sasa hivi kwenye kupanga, sio siku ya ufunguzi.

Title VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kubagua kwa rangi au asili kwenye programu yoyote inayopokea hela ya serikali kuu, na hiyo inakulinda na inakubana pia. Tarehe 14 Februari 2025 wizara ya elimu ilitoa barua ikitishia hela za shule zenye programu za namna hii, mwezi wa nne majaji wa mahakama tofauti wakaizuia, mwezi wa nane jaji wa Maryland akaifuta barua yenyewe. Lakini woga uliobaki ni wa kweli na hao wakuu wa shule sio waoga wa bure. Mwanasheria asimame dakika ishirini za mwanzo aseme hiki kinaruhusiwa, hiki hakiruhusiwi, watu wapumue. Usiwagawe watu makundi kwa rangi zao kwa lazima, wala usimlazimishe mtu kukiri kitu mbele za watu. Mbali na sheria, hiyo michezo haijawahi kumwingiza mtoto hata mmoja darasa la hesabu.

Kinachofanya kazi na ni salama ni kubadilisha mlango wa kuingilia kwa wote. Kuna wilaya kubwa ya Florida, Broward, iliacha kutegemea mwalimu au mzazi ampendekeze mtoto kwenye programu ya wenye vipaji, ikapima watoto wote wa darasa la pili, na weusi na Walatino walioingia wakaongezeka sana, ndo walikuwepo siku zote ila hakuna aliyewataja. North Carolina nao 2018 walitunga sheria kwamba mtoto aliyepata daraja la juu kabisa kwenye mtihani wa hesabu anapangwa darasa la hesabu za juu moja kwa moja. Haimtaji mtu rangi, na mtoto hahitaji mzazi anayejua nani wa kumpigia simu.

Na la mwisho, wajumbe wa bodi. Majimbo mengi, wakifika wengi wakatimiza akidi na wakajadili kazi za bodi, hicho ni kikao cha hadhara, kinatakiwa kitangazwe na wananchi waruhusiwe kuingia. Hesabu vizuri nani anakuja. Na chochote kitakachoandikwa pale, hata hivyo vikaratasi vya ukutani, mtu anaweza kukiomba kwa sheria ya nyaraka za umma. Andikeni kama watu wazima.

Dada_Mratibu

Aisee hiyo ya akidi sikuiwaza kabisa, asante sana kaka. Sasa swali, kuna wazo bosi analo la kuleta wanafunzi waje waeleze yaliyowakuta. Mnaonaje? Na mtaalamu wa nje bado hamjanijibu.

MkuuWaShule_Mama

Mimi nakujibu kama mtu anayekalishwa kwenye hizo ritriti, mkuu wa shule, mweusi, kwa kawaida peke yangu ukumbini au tuko wawili. Mwezeshaji anauliza swali gumu, kimya, alafu vichwa vyote vinageuka polepole vinaniangalia mimi. Nimekuja na kalamu na data yangu kama wenzangu lakini natakiwa niwe ushahidi. Kwa hiyo mdogo wangu, mwezeshaji yeyote utakayemchukua, wa nje au wa ndani, kaa naye kabla umwambie hilo, watu waandike kwanza dakika tano ndo waongee, na wazungumze wawili wawili kabla ya kundi zima.

Wa nje anafaa kwa kitu kimoja tu, kumbana mkurugenzi, maana nyie mlio chini yake hamuwezi. Kama hatambana basi okoa hela hiyo ulipie walimu wa kushika madarasa ili walimu wachache waje. Wakuu wa shule peke yetu tunadanganyana.

Wanafunzi usiwalete kuja kulia mbele ya watu wazima wanaokunywa kahawa. Tafadhali. Kama mnataka sauti zao, wapeni fomu na ratiba na ramani hizo hizo, wakae na mshauri wao wiki mbili kabla, waandike wao wanabadilisha nini, wapewe posho, na karatasi yao iwe mezani. Wazazi hivyo hivyo, na wakalimani wawepo. Tangu kesi ya Lau v. Nichols 1974 shule zinajua mtoto asiyejua Kiingereza hawezi kuachwa akae tu darasani, lakini mpaka leo nakuta mtoto wa familia ya wakimbizi wa Kongo anamtafsiria mama yake barua ya kusimamishwa kwake mwenyewe. Unadhani anatafsiri yote?

Mchana wa siku ya pili usiweke hotuba yoyote. Weka kitabu cha kanuni za wanafunzi mezani, kila meza ifungue ukurasa wa adhabu iandike mstari gani unafutwa na unakuwaje. Mkurugenzi azunguke asaini ule anaoupeleka bodi, na tarehe. Ndo maana nakuuliza, ritriti imepangwa mwezi gani?

Dada_Mratibu

Mwezi wa sita, shule zikifungwa, ndo bosi alitaka watu wawe wametulia.

MkuuWaShule_Mama

Umechelewa hapo. Mwezi wa sita bajeti ndo inapitishwa kama haijapita na kitabu kinaelekea kuchapishwa, na bodi nyingi kanuni mpya husomwa vikao viwili kabla ya kupigiwa kura, kwa hiyo mtakachoamua kitasubiri mwaka mzima. Mwombe mwezi wa kwanza, hata kama ni siku moja na nusu na kwenye maktaba ya shule badala ya hotelini. Akikataa, mwambie akuandikie kwa imeili kwamba ni mwezi wa sita.