Naombeni ushauri: nianzie wapi kusoma uwezekano kwa ajili ya biolojia?

Wakuu, habari zenu. Nasoma biolojia, na hisabati ya uwezekano imeniteka.

Kilichonichokoza ni fumbo hili. Baba na mama wote wamebeba jeni ya selimundu ila hawaumwi. Mtoto wao kapimwa, hana ugonjwa. Je, kuna uwezekano gani kwamba naye kaibeba? Wenzangu wengi hujibu nusu. Jibu ni theluthi mbili: kati ya michanganyiko minne ya jeni za baba na mama yenye nafasi sawa, ule wa ugonjwa tumeshaufuta; imebaki mitatu, na miwili kati yake ina jeni hiyo. Nimewachorea hadi jedwali, bado wananibishia! Mwenye njia bora ya kulieleza anisaidie.

La siku za kuzaliwa (watu 23 tu, na uwezekano wa wawili kuwa na tarehe moja unavuka asilimia 50) angalau wanalikubali, maana linajaribika darasani.

Halafu kuna Hardy, mwanahisabati Mwingereza. Mwaka 1908 alionyesha kwa aljebra fupi kwamba sifa haienei katika jamii eti kwa sababu tu ni tawala (yaani hujitokeza hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu). Nataka kuweza kufikiri hivyo.

Sasa swali lenyewe: nianze na kanuni ya Bayes (ya kurekebisha uwezekano ukipata taarifa mpya), au niende moja kwa moja kwenye minyororo ya Markov (mifumo ambayo hatua ijayo hutegemea hali ya sasa tu)? Kalkulasi ninayo ya msingi tu, matriki bado. Walimu wa hisabati mliomo humu, mngemwanzishia wapi mwanafunzi wa aina yangu?