Naomba ushauri: tasnifu kuhusu wafugaji wa Mongolia na baridi inayoua mifugo

Ndugu wanajamvi, ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu wafugaji wa Mongolia, nami nimekwama katika kuamua chanzo cha msingi cha masaibu yao.

Kila baada ya miaka kadhaa nchi hiyo hupatwa na dzudi, yaani majira ya baridi kali ambayo theluji na barafu hufunika malisho, na mifugo iliyokwisha kukondeshwa na ukame wa kiangazi hufa njaa ikiwa imesimama juu ya nyasi isizoweza kuzifikia. Katika msimu wa 2023 hadi 2024 mifugo zaidi ya milioni 7 ilikufa. Familia nyingi zilizopoteza makundi yao huhamishia hema zao za mviringo pembezoni mwa mji mkuu, Ulaanbaatar, ambako hazina maji ya bomba, na huota moto wa makaa ya mawe huku zikivuta moshi usiku kucha.

Mabadiliko ya tabianchi yamechangia, hilo halina ubishi. Hata hivyo, baada ya ushirika wa ufugaji kuvunjwa miaka ya 1990, mbuzi wa sufu ya kashmiri waliongezeka mno wakaharibu malisho. Kwangu jambo hilo lina uzito mkubwa, ingawa nachelea kuwatwisha lawama watu waliokwisha kufilisika.

Je, nizitenganisheje sababu hizi? Na bima ya mifugo iliyoanza kujaribiwa huko 2006, ambayo hulipa kwa kutazama kiwango cha vifo vya wilaya nzima, inastahili sura yake yenyewe?